Bati Gumu Hurudi: Mwongozo wa Kuiga kwa Kompyuta Vipande vya Gari vya Chuma cha Nguvu Kubwa

Kila muhula wa vyuo ukianza napokea maswali yaleyale. "Nimeiga kipande kwenye kompyuta kikakaa sawasawa na mchoro, mbona kwenye presi kimetoka kimefunguka?" "Nianze na programu gani?" "Ugumu wa chuma niweke ngapi?" Nimeona niandike mara moja, hatua kwa hatua, ili atakayeuliza kesho apate pa kuanzia.

Fundi wa bodi anayekunja bati kwa mkono ameshalijua jambo la msingi. Akitaka pembe ya digrii 90 anazidisha kidogo, maana akiachia bati linarudi. Huo ndio nitakaouita mrudio. Bati laini la magari ya zamani hurudi kidogo. Bati la nguvu kubwa, lile la nguzo za milango, reli za chini ya sakafu na viti vya magari ya leo, hurudi sana, tena halirudi kwenye pembe peke yake: hata ukuta uliokuwa umenyooka hujikunja kama gome la mti lililoachwa juani. Kwa hiyo picha unayoiona kompyuta inapomaliza kukandamiza, zana zikiwa bado zimefunga, siyo kipande chako. Kipande chako ni kile kinachobaki baada ya kuachia. Kazi yote iliyo hapa chini inalenga kuipata hatua hiyo ya kuachia kwa usahihi.

Nazungumzia kukandamiza bati likiwa baridi. Kuna chuma kingine, 22MnB5, kinachopashwa moto hadi kama nyuzi 900 na zaidi, kisha kinakandamizwa na kupozwa ghafla ndani ya zana hadi kifikie nguvu ya karibu MPa 1500 (MPa, megapaskali, ni kipimo cha mkazo, yaani nguvu kwa eneo). Hicho kina hesabu za joto na mwongozo wake ni mwingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa zoezi hili. Usingoje mashine kubwa.

Programu ya kukokotoa. Kama huna fedha, chukua OpenRadioss, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu Septemba 2022. Inasoma pia mafaili yaliyoandikwa kwa mtindo wa LS-DYNA. LS-DYNA yenyewe ina toleo la wanafunzi. Viwandani utakuta AutoForm, PAM-STAMP au LS-DYNA, lakini mantiki ya hatua hizi haibadiliki. Kwa kutengeneza wavu, yaani kuligawa bati kwa vipande vidogo (elementi) ambavyo kompyuta huvikokotoa, tumia Gmsh, na kwa kutazama matokeo tumia ParaView. Zote mbili ni za bure.

Takwimu za bati lako. Angalau: unene halisi uliopimwa, kikomo cha kunyumbuka (mkazo ambao ukiuvuka bati halirudi tena lote), nguvu ya juu ya kuvutwa, na mchoro mzima wa jaribio la kuvuta. Ukiweza kupata jaribio la kuvuta kisha kusukuma, umebahatika.

Daftari la karatasi. Sisemi kwa mazoea. Utafanya mizunguko kumi au ishirini, na usipoandika ulibadilisha nini kila mzunguko, baada ya wiki moja hutajua jibu lipi lilitoka wapi.

Na kama umeme wa kwako unakatika, washa tangu mwanzo utaratibu wa programu wa kuhifadhi kazi kila baada ya muda, ili uendelee ulipoishia.

Kipande tutakachoiga

Wanaoanza hupenda kurukia nguzo nzima ya mlango. Usifanye hivyo. Anza na mfereji wenye umbo la U na mabawa mawili, kama kofia iliyopinduliwa. Ni zoezi lililowekwa mwaka 1993 nchini Japani kwenye NUMISHEET, mkutano wa watafiti wa kuiga ukandamizaji wa bati, ili walinganishe majibu ya kompyuta zao na vipande halisi. Panchi (zana inayolisukuma bati) ilikuwa na upana wa mm 50, uwazi wa dai (zana yenye nafasi ambamo bati husukumwa) mm 52, mabega yote, yaani kona za zana zilizoviringwa, yenye nusu kipenyo cha mm 5, bati la urefu wa mm 350 na upana wa mm 35, na mwendo wa panchi mm 70. Mwaka 2011, mkutano huo ulipofanyika Seoul, zoezi la jamii hiyo lilirudi kwa chuma cha DP780. Uzuri wake ni kwamba kosa lolote unalolifanya linajitokeza waziwazi kwenye pembe mbili na ukuta mmoja.

Sisi tutatumia DP780 ya unene wa mm 1.2. Kwa unene huo uwazi wa mm 52 unabana mno, kwa hiyo panua dai hadi mm 53. Kila upande utabaki na nafasi ya mm 1.5. Kwenye vyeti vya kiwanda chuma hiki huandikwa CR440Y780T-DP. Jisomee: kikomo cha kunyumbuka kisipungue MPa 440, nguvu ya kuvutwa isipungue MPa 780, na DP ni chuma chenye sehemu laini na sehemu ngumu zilizochanganyika ndani yake.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mkono

Kabla ya kufungua programu, kadiria jibu. Badiliko la mkunjo bati linapoachiwa ni takriban 3 × mkazo ÷ (moduli ya Young × unene). Moduli ya Young ni kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kurefuka kikiwa bado kinaweza kurudi. Pale kwenye bega la panchi, katikati ya unene wa bati kuna nusu kipenyo cha mm 5.6. Chukua mkazo wa MPa 850 na moduli ya MPa 207,000:

3 × 850 ÷ (207,000 × 1.2) = 0.0103 kwa milimita

Zidisha kwa 5.6 upate 0.0575, yaani pembe inapoteza karibu asilimia 6 ya mkunjo wake. Kwa digrii 90 hizo ni digrii 5 na kidogo. Rudia kwa bati laini la mkazo wa MPa 300 na utapata chini ya digrii 2. Hesabu hii haijui kuvutwa kwa bati wala kujikunja kwa ukuta, lakini inakupa kipimo. Kompyuta ikikuletea digrii 0.3 au digrii 40 kwenye bega hilo, una kosa la kutafuta.

Hatua ya 2: Chagua vizio na uviandike ukutani

Programu hizi nyingi hazijui milimita wala kilo. Zinajua namba tu. Tumia tani, milimita, sekunde, newton na MPa. Kwa mfumo huo:

- uzito kwa ujazo wa chuma: 7.85e-9
- moduli ya Young: 207000
- uwiano wa Poisson: 0.3
- kasi ya mita 2 kwa sekunde: 2000

*Kosa la kawaida:* kuandika 7.85e-6 kwa sababu umeiona kwenye faili la mtu mwingine. Namba hiyo ni sahihi kwa mfumo wa kilo, milimita, milisekunde na GPa, lakini hapa inafanya bati lako kuwa zito mara elfu. Nimewahi kupoteza usiku mzima kwa kosa hilo hilo: simulesheni ilikwenda vizuri bila onyo lolote, ila bati lilijirusha kama mkanda wa mpira kila panchi ilipoligusa.

Hatua ya 3: Chora zana

Unahitaji panchi, dai na kibanio, yaani ile sahani inayolishikilia bati lisikunjamane. Chora nyuso zake tu, na uzitangaze kuwa zana zisizopinda. Kwa kuwa umbo lina pande mbili zinazofanana, iga nusu yake: kutoka katikati ya panchi kwenda kulia.

Gawanya kila bega la mm 5 kwa vipande visivyopungua 10. Bega lenye vipande vinne ni kona tatu kali zilizoungana, na bati litapita juu yake likidunda badala ya kuteleza.

*Kosa la kawaida:* kuweka bati likigusana na zana kwenye mchoro. Bati kwenye kompyuta ni uso mmoja unaokaa katikati ya unene. Kwa hiyo uso huo uwe mm 0.6 juu ya dai, na kibanio kiwe mm 1.2 juu ya dai. Ukilaza uso wa bati moja kwa moja juu ya dai, programu inadhani nusu ya unene imeshazama ndani ya chuma, na inaisukuma nje kwa nguvu kubwa kabla kazi haijaanza.

Hatua ya 4: Weka wavu wa bati

Nusu ya bati ni mm 175 kwa mm 35. Tumia elementi za pembe nne: mm 1 kwa urefu, mm 3.5 kwa upana. Jumla ni 1,750 tu. Robo duara yenye nusu kipenyo cha mm 5.6 ina urefu wa mm 8.8, kwa hiyo utapata karibu elementi tisa kwenye kila mkunjo. Chini ya sita, usiamini mrudio unaouona.

Bati linasafiri. Sehemu iliyoko kwenye bawa sasa hivi itapita juu ya bega la dai baadaye. Kwa hiyo usiweke elementi ndogo pale tu unapoona mkunjo mwanzoni. Weka kote bati litakakopita.

Chagua elementi za ganda (uso mwembamba ambao unene wake huandikwa kama namba) zilizo na hesabu kamili. Kwenye LS-DYNA ni namba 16. Kwenye OpenRadioss tumia QBAT, au QEPH, ambayo hesabu yake si kamili, ukitaka kasi zaidi. Kisha amua pointi za hesabu katika unene, na hapa usibanie. Pointi 5 zinatosha kujua bati litakonda wapi. Kwa mrudio weka 7 au 9. Mrudio unatokana na tofauti ya mkazo kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya bati, na pointi chache zinaipima tofauti hiyo kwa kubahatisha.

Hatua ya 5: Mweleze kompyuta huyu chuma ni nani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza, mchoro wa ugumu. Kama huna jaribio lako, kwa mazoezi tumia: mkazo = 1250 × (0.0014 + urefukaji wa kudumu) kwa kipeo cha 0.14. Inaanza karibu na MPa 500 na kufika kama MPa 900 bati likiwa limerefuka asilimia 10. Ni namba za kujifunzia, usizipeleke kiwandani. Ukiwa na mchoro wa mashine ya kuvuta, kumbuka kuugeuza: mashine inagawanya nguvu kwa eneo la mwanzo, programu inataka eneo la sasa. Zidisha mkazo kwa (1 + urefukaji), na urefukaji wenyewe ugeuze kuwa logi asili ya (1 + urefukaji). Kata mchoro pale bati lilipoanza kubana kiuno. Baada ya hapo tumia mlinganyo.

Pili, bati kurudishwa kinyume. Fuatilia kipande kimoja cha bati kwa jicho. Kilikuwa bawani kimelala. Kikapanda bega la dai, ngozi yake ya nje ikavutwa. Kikatoka begani na kunyooshwa ukutani, ngozi ileile ikasukumwa. Chuma kilichovutwa kwanza hulegea mapema kinaposukumwa; Johann Bauschinger wa Munich aliliona hilo karne ya 19. Mfumo rahisi wa ugumu, unaodhani chuma kimekuwa kigumu sawasawa pande zote, haulijui jambo hili, na mara nyingi hukupa ukuta uliojikunja kupita ukweli.

Tatu, moduli ya Young haibaki 207. Chuma hiki kikishanyooshwa, kinaporudi hurudi kwa mteremko mlegevu zaidi. Kwa zoezi hili acha ishuke kutoka GPa 207 hadi 165 kwa mlinganyo: E = 207 − (207 − 165) × (1 − e^(−60 × urefukaji wa kudumu)). Urudie ule ukadiriaji wa mkono kwa 165: digrii 5.2 zinakuwa digrii 6.5. Mrudio umeongezeka kwa robo nzima kwa sababu ya namba moja ambayo wengi hawaigusi.

Mfumo wa Yoshida na Uemori, uliochapishwa mwaka 2002 na watafiti wa Japani, unabeba mambo haya yote. Kwenye LS-DYNA utaupata kwenye nyenzo namba 125, kwenye OpenRadioss ni LAW78.

*Onyo ninaloomba ulishike:* makosa ya pili na ya tatu yanavuta pande tofauti. Ukitumia mfumo rahisi pamoja na moduli isiyobadilika, yanaweza kufutana na pembe yako ikatoka sawasawa na ya kiwandani. Utafurahi. Kisha utabadilisha nusu kipenyo cha bega na jibu litaharibika bila sababu unayoiona. Pembe iliyotoka sawa mara moja haithibitishi kitu.

Hatua ya 6: Mgusano, msuguano na kibanio

Msuguano weka 0.12 kuanzia. Kati ya 0.10 na 0.15 ndiyo mipaka ya kawaida kwa bati lililopakwa mafuta.

Kibanio kwenye zoezi la 1993 kilitumia nguvu mbili, kN 2.45 na kN 19.6. Anza nazo. Ukiiga nusu ya kipande, weka nusu ya nguvu: kN 1.225 na kN 9.8. Kosa la kusahau kugawanya linatokea mara nyingi kuliko yote niliyoyaona, na halionyeshi dalili yoyote kwenye picha.

Ipandishe nguvu ya kibanio taratibu kabla panchi haijagusa bati, si kwa kishindo.

Hatua ya 7: Mwendo wa panchi

Mbinu ya eksplisiti hupiga hatua ndogo sana za muda. Sauti husafiri ndani ya chuma kwa zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, na hatua moja haiwezi kuzidi muda wa sauti kuvuka elementi ndogo kuliko zote. Kwa elementi ya mm 1 ni kama sekunde 0.0000002. Ukiiga presi ya kweli inayoshuka mm 100 kwa sekunde, mm 70 zitadai hatua milioni tatu na nusu au zaidi. Ndiyo maana tunaiharakisha panchi hadi mita 2 kwa sekunde, na hatua zinashuka hadi chini ya laki mbili.

Panda na shuka kwa ulaini: panchi ianze polepole, ifike mita 2 kwa sekunde, kisha ipunguze mwendo kabla ya kufika chini. Ikisimama ghafla bati linabaki likitetemeka, na mtetemo huo utaubeba hadi kwenye mrudio.

Hatua ya 8: Kagua nishati kabla ya kutazama picha

Najua unatamani kuona rangi. Subiri. Fungua kwanza mchoro wa nishati. Nishati mwendo ya bati isizidi asilimia 5 ya nishati yake ya ndani kwa sehemu kubwa ya kazi (mwanzoni kabisa itazidi, hilo si tatizo). Nishati bandia ya kuzuia elementi kujipinda ovyo nayo iwe chini ya asilimia 5. Uzito ulioongezwa na programu ili kukuza hatua ya muda nao ubaki asilimia chache. Vikipita hapo, punguza kasi ya panchi uanze tena.

Ndipo utazame unene. Ukuta ukonde kidogo tu. Kama unataka kipimo cha kupasuka, kanuni ya Keeler na Brazier inatoa sehemu ya chini ya mstari wa hatari, yaani mpaka wa urefukaji ambao bati likiuvuka linapasuka: (23.3 + 14.13 × unene) × n ÷ 0.21. Hapa n ni kile kipeo cha mchoro wa ugumu wa hatua ya 5. Kwa mm 1.2 na n ya 0.14 ni kama asilimia 27.

Hatua ya 9: Achia kipande

Hii ni hatua ya peke yake, kwa mbinu ya impilisiti, ile inayotafuta utulivu moja kwa moja bila kusubiri mitetemo iishe.

Hifadhi hali ya bati: umbo, unene, urefukaji wa kudumu, na mkazo wa kila pointi katika unene. Ondoa zana zote na migusano yote. Kisha zuia bati lisielee hewani, lakini usiliguse zaidi ya hapo. Kwa nusu yetu: nodi (pembe za elementi) zote za mstari wa katikati ziwe na masharti ya ulinganifu, nodi moja ya mstari huo izuiwe kwenda juu, chini na pembeni, na nodi nyingine moja ya mstari huohuo izuiwe kwenda juu na chini tu. Basi.

Halafu angalia nguvu za kuzuia kwenye nodi hizo mbili. Zinapaswa kuwa karibu na sifuri. Zikiwa kubwa, umelishika bati na hujaliachia.

Hatua ya 10: Pima

Pima vitu vitatu: pembe kati ya sakafu na ukuta, pembe kati ya ukuta na bawa, na nusu kipenyo cha kujikunja kwa ukuta. Hicho cha mwisho unaweza kukipima hata kwenye kipande halisi bila kifaa cha gharama. Weka rula iliyonyooka ya mm 40 ukutani upande uliobonyea, pima nafasi kubwa kabisa kati ya rula na bati. Nusu kipenyo = (urefu wa rula × wenyewe ÷ 8 ÷ nafasi) + nusu ya nafasi. Ukipata nafasi ya mm 1, ukuta wako ni sehemu ya duara la nusu kipenyo cha karibu mm 200.

Hatua ya 11: Badilisha kimoja kimoja

Pointi 7 ziwe 9. Elementi za mm 1 ziwe za mm 0.5. Kama pembe inasogea zaidi ya nusu digrii, wavu wako bado hautoshi, na hakuna sababu ya kujadili chuma.

Kisha cheza na kibanio. Wengi wamesoma kwamba ukikaza kibanio mrudio unapungua, wanaweka kN 19.6 na kushangaa kuona badiliko dogo. Hesabu kidogo inaeleza. Kila upande unabanwa kwa kN 9.8, msuguano wa juu na chini ni 2 × 0.12 × 9.8 = kN 2.35, bega la dai linaongeza hadi kama kN 2.8. Gawanya kwa eneo la bati, 35 × 1.2 = mm² 42, upate karibu MPa 68. Bati linalohitaji MPa 500 lianze kulegea halitishwi na 68. Zoezi la asili lilikuwa na bati jembamba, chini ya mm 1, na laini pia lilikuwemo. Kwa chuma chetu jaribu kN 60, kisha kN 100, uone ukuta unavyoanza kunyooka nguvu ya kuvuta inapofanya unene wote uvutwe, badala ya ngozi moja kuvutwa na nyingine kusukumwa. Huku ukitazama unene usije ukapasua.

Mambo yakienda mrama

*Nodi zinaruka na umbo linalipuka mwanzoni.* Vizio, au bati limezama ndani ya zana. Rudi hatua ya 2 na ya 3, kwa mpangilio huo.

*Bati linapenya dai.* Mabega ya zana yana vipande vichache, au mgusano ni dhaifu. Ongeza vipande kwanza. Kuongeza ugumu wa mgusano kunaleta kelele.

*Hatua ya muda inazidi kupungua.* Elementi moja imejikunyata mahali. Itafute, mara nyingi iko ukingoni.

*Mrudio ni sifuri au karibu na hapo.* Mkazo haukubebwa kwenda hatua ya 9, au umebebwa wa pointi moja tu. Angalia pia kama kuna mgusano umesahauliwa.

*Hatua ya kuachia haifiki mwisho.* Igawanye vipande vinne au vitano badala ya kuachia kwa mkupuo. Ikigoma bado, hesabu upya nodi ulizozuia. Pengine bati linaelea.

*Mrudio wa kompyuta ni mdogo kuliko wa presi.* Kama moduli inashuka na pointi zinatosha, shuku bati lenyewe. Kiwango cha CR440Y780T-DP kinaruhusu kikomo cha kunyumbuka kutoka MPa 440 hadi 550. Roli mbili za bati lililoviringishwa zenye cheti cha aina moja zinaweza kutofautiana kwa MPa 100 na zote zikawa halali. Kata kipande cha roli ileile iliyokandamizwa ukakivute, usitegemee namba za katalogi.

*Kompyuta inasema salama, presi imepasua.* Tazama ufa uko wapi. Ukiwa ukingoni, chanzo ni mkato: ukingo uliokatwa kwa zana butu una nyufa ndogo ambazo wavu wako hauzioni, na mstari wa hatari wa kawaida hauuhusu. Omba jaribio la kutanua tundu, lile la ISO 16630, kwa bati hilo na mkato huo. Ufa ukiwa kwenye bega, hasa bega ambalo nusu kipenyo chake kinakaribia unene wa bati mara mbili au tatu, chuma cha DP huweza kukatika hapo bila kukonda kwanza. Mstari uliojengwa juu ya kukonda hautakuonya. Ongeza nusu kipenyo cha bega, hata kama ni kwa milimita moja, na uige upya kuanzia hatua ya 3.